Jogoo wa Wangwe na Wakwe Wasiokula Nyama

Helen anauza nyanya na vitunguu katika soko la Rongo. Anajua kupanga nyanya zake mpaka mtu aliyetoka nyumbani kununua chumvi anajikuta amerudi na nyanya. Lakini Jumatano hiyo nyanya zililala ovyo kwenye gunia. Helen hakuwa na habari nazo. Alikuwa na furaha, na furaha ilimzuia kukaa chini.

Binti yake Metrine alikuwa amepata mchumba. Jumapili, wazazi wa kijana wangekuja kutoka Oyugis kuona nyumba ya msichana kwa mara ya kwanza. Kijana anaitwa Orina. Yeye na Metrine ni walimu katika shule moja. Baba yake, Mokua, na mama yake, Edinah, wana duka la vifaa vya ujenzi. Ni Wakisii, tena Wasabato.

Helen na mume wake Wangwe ni Waluhya wa Bungoma. Walikuja Rongo zamani kwa sababu ya kazi ya ujenzi, wakabaki. Lakini Wangwe alikuja na desturi za kwao. Kwao, mgeni wa heshima hupewa kuku. Mgeni akiondoka bila kuku, anaweza kusema hakupokelewa.

Ndiyo maana Wangwe alikuwa na jogoo. Jogoo mwenyewe alikuwa mwekundu, mrefu na mwenye maringo. Wangwe alimlisha mahindi kwa mkono wake na kumwita Bwana Mkubwa. Kila asubuhi alimsalimia jogoo kwanza, halafu mke wake. Helen alikuwa amezoea.

Simu ya Helen ililia. Alikuwa Metrine.

"Mama, kuna kitu nilisahau kukuambia. Wazazi wa Orina hawakulangi nyama."

Helen alicheka. "Hiyo ndiyo shida? Nitawapikia samaki. Ngege mkubwa wa Homa Bay."

"Samaki pia hawali."

"Basi kuku. Baba yako si ako na jogoo?"

"Mama, kuku ni nyama."

"Kuku ni kuku," Helen alisema. "Nyama ni ya ng'ombe na mbuzi."

Usimcheke Helen. Watu wengi wa huku wanasema hivyo hivyo. Ukiagiza nyama hotelini Rongo, hakuna mtu atakuletea samaki. Lakini kwa mtu aliyeacha nyama, ng'ombe, mbuzi, kuku na samaki wote ni kitu kimoja.

Jioni Helen alimweleza Wangwe. Wangwe aliweka kikombe cha chai mezani.

"Sasa watakula nini? Kabichi? Mkwe aje kwangu mara ya kwanza nimwekee kabichi?"

"Metrine amesema hawali, Baba Metrine."

"Bwana Mkubwa akipikwa vizuri, watakula. Nani anakataa jogoo kama huyo?"

Helen alikwenda kulala. Usingizi ulimpaa. Aliwaona wageni wakikaa mbele ya sahani wasizoweza kugusa. Aliwaona wakirudi Oyugis na njaa, wakisema kwamba kwa kina Metrine hakuna heshima. Metrine angeishi na watu hao maisha yake yote. Helen aliogopa sana.

Alhamisi aliamua kujaribu. Alitaka maharagwe, lakini maharagwe matamu ya kuwashangaza wakwe. Kwa hiyo alinunua mifupa ya ng'ombe, akaichemsha mpaka supu ikawa nzito. Akaichuja supu kwa kitambaa safi. Mifupa akampa mbwa. Kisha akapika maharagwe kwa ile supu. Harufu ilifika barabarani.

Alimwita jirani yake Joyline aje kuonja. Joyline ni Mjaluo wa Ndhiwa, na ni afisa wa lishe katika kituo cha afya. Kazi yake ni kufundisha watu kula vizuri. Yeye humwita Helen kwa lugha yake, Min Metrine, yaani Mama Metrine.

Joyline alionja. Akaonja tena.

"Min Metrine, hii ni tamu. Umeweka nini?"

"Supu ya mifupa," Helen alisema kwa majivuno. "Lakini nimechuja. Hakuna hata kipande cha nyama ndani."

Joyline aliweka kijiko chini.

"Supu umetoa wapi?"

"Kwa mifupa."

"Na mifupa imetoka wapi?"

Helen alitazama sufuria, akaona kosa lake.

"Supu ya nyama ni nyama," Joyline alisema polepole. "Mafuta ya ng'ombe ni nyama pia. Omena kidogo ya kuongeza ladha, hiyo ni samaki. Hata vile viungo vya pakiti, vingine vimewekwa kuku ndani. Soma pakiti kabla ya kununua. Mgeni akila bila kujua, utakuwa umemdanganya kwa meza yako. Akijua baadaye, hataamini chakula chako tena."

"Ningewaharibia Jumapili," Helen alisema. "Ningemharibia Metrine."

"Leo ni Alhamisi. Hujaharibu kitu. Hii tutakula sisi." Joyline alichukua kijiko tena. "Sasa niambie. Nyama ikiwa kwa sahani, inafanya kazi gani?"

Helen alifikiri. "Inaleta heshima."

Joyline alicheka mpaka akashika mbavu. "Hiyo ni kazi moja. Ingine?"

"Inashibisha. Ina ladha. Unatafuna."

"Sawa kabisa. Na inajenga mwili. Sasa ukiiondoa, tafuta chakula cha kufanya hizo kazi. Kabichi peke yake haiwezi, ndiyo maana watu wanabaki na njaa. Maharagwe yanajenga mwili. Ndengu pia. Njugu pia. Ukikula maharagwe na ugali, au na viazi, mwili unapata nguvu na unajengwa. Njugu inaleta utamu na mafuta. Ukitaka kitu cha kutafuna kama nyama, chukua soya ya vipande."

"Ile inakaa kama mbao?"

"Inakaa kama mbao kwa sababu watu wanaipika vibaya. Loweka kwa maji moto mpaka iwe laini. Kamua maji yote. Loweka tena, kamua tena. Halafu kaanga na vitunguu, nyanya, kitunguu saumu na tangawizi. Soya haina ladha yake, inachukua ile unaipatia."

Helen alisikiliza kwa makini. Hofu ilianza kumtoka, na ile furaha ya Jumatano ikarudi kidogo kidogo.

"Uyoga je? Kwetu uyoga ni chakula cha wakubwa."

"Uyoga ni mtamu. Lakini nunua ule umepandwa shambani. Usiokote wa porini kama huujui, mwingine unaua. Na haujengi mwili kama maharagwe, kwa hiyo usiutegemee peke yake." Joyline alinyanyua kidole. "Lakini kuna jambo kubwa kuliko haya yote. Umewauliza wanakula nini?"

Helen alishtuka. "Kumuuliza mgeni? Mgeni haulizwi. Ukimuuliza, ni kama unamwambia asije."

"Kuna wale hawali nyama lakini wanakula mayai na maziwa. Kuna wale hawagusi hata maziwa. Kuna mtu akila njugu anavimba midomo na kushindwa kupumua. Wewe utajuaje?"

Kwa Helen, jambo hilo lilikuwa gumu kuliko kupika. Alikuwa hajawahi kuongea na Edinah hata mara moja, ingawa Metrine alikuwa amempa namba. Alishika simu, akaiweka, akaishika tena. Mwishowe Joyline alimsukuma kwa kiwiko, naye akapiga.

"Mama Orina, habari ya Oyugis? Ni mimi, Mama Metrine, wa Rongo. Nisamehe. Nataka kuuliza mnakula nini, na ni kitu gani hamkuli."

Upande wa pili ulinyamaza. Helen alifunga macho. Alijua ameharibu.

Kisha akasikia kicheko.

"Mama Metrine, sisi tumetembelea watu wengi. Hakuna mtu amewahi kuuliza. Mwezi uliopita tuliwekewa kuku, samaki na nyama, meza imejaa. Tukakula ugali na chumvi. Njiani Mzee akanunua ndizi kama mtoto wa shule."

Helen naye akacheka, na machozi yakamtoka. Waliongea mpaka salio likaisha. Helen akajua kwamba maziwa walikuwa wanakunywa. Mayai hawakula. Chai ya majani hawakunywa, lakini mchaichai waliupenda. Njugu hazikumdhuru mtu yeyote. Mokua alizipenda mpaka mke wake alimfichia.

Ijumaa Helen na Joyline walizunguka soko lote. Walichagua njugu moja moja, wakaacha zilizokunjamana na zenye ukungu, kwa sababu ukungu wa njugu ni sumu. Walinunua soya ya vipande, na viazi vitamu vya Kabondo. Helen alitaka kutengeneza mushenye, chakula cha kwao cha viazi vitamu na maharagwe yaliyopondwa pamoja. Tangu utotoni alikuwa akiula mushenye, na hakuwahi kufikiri kwamba ni chakula cha kumpa mkwe.

"Na sufuria?" Joyline aliuliza.

"Nitatumia mpya. Na mwiko mpya. Hazijawahi kuona nyama."

Jumamosi jioni Helen aliloweka maharagwe. Asubuhi yake alimwaga maji hayo, akapika kwa maji mengine mpaka maharagwe yakaiva vizuri. Jiko lilichangamka. Helen aliimba. Metrine alitwanga njugu, akapika majani ya kunde kwa mchuzi wa njugu hizo. Soya ikakaangwa mpaka ikawa ya kahawia, na harufu ya tangawizi ikajaa nyumba.

Wangwe peke yake hakufurahi. Alikaa nje kwenye kigoda na Bwana Mkubwa miguuni. Alikuwa ameambiwa asichinje, naye alikubali. Lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyenyang'anywa kitu.

"Wataondoka bila kuku," alimwambia jogoo. Jogoo alidonoa kamba ya kiatu chake.

Wageni walifika mchana, Orina akiwa pamoja nao. Mokua alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye sauti ndogo. Edinah alimkumbatia Helen kama wanajuana tangu zamani. Mikono ilioshwa, sala ikasemwa, vifuniko vikafunuliwa. Helen alitaja kila chakula na kilichomo ndani yake.

Mokua alichukua kipande cha soya. Akatafuna. Akaacha kutafuna. Akamtazama Helen.

"Mama," alisema, "hii si nyama?"

Orina alimtazama Metrine.

"Ni soya, Mzee," Helen alijibu. "Nimeloweka na kukamua kwa mikono yangu. Nimekaanga na mafuta ya alizeti. Sufuria ni mpya na mwiko ni mpya. Hakuna supu ya nyama, hakuna omena, hakuna kitu nimekuficha."

Mokua aliendelea kutafuna. Kisha akasukuma sahani yake mbele.

"Niongezee," alisema.

Baada ya hapo wote walikula. Edinah alikamua limau juu ya kunde, na Joyline, aliyealikwa pia, akasema kutoka kona yake kwamba limau husaidia mwili kupata madini ya damu kutoka kwa mboga. Mokua aliupenda mchuzi wa njugu mpaka Edinah akamfinya. Mushenye uliisha kabla ya ugali. Helen aliwatazama wakishiba. Edinah aliweka kijiko chini akasema, "Leo hatununui ndizi."

Ndipo Wangwe aliposimama.

"Wakwe zangu," alisema, "kwetu mgeni haondoki bila kuku."

Kabla Helen hajasema neno, Wangwe alikuwa ametoka. Walisikia mbio nyuma ya nyumba. Walisikia jogoo akilia. Edinah aliinamisha kichwa. Metrine alifunika uso kwa mikono.

Wangwe alirudi. Kwapani alikuwa amembeba Bwana Mkubwa, mzima kabisa, miguu imefungwa na kitambaa laini. Jogoo aliwatazama wageni kwa dharau yake ya kawaida.

"Sikumchinja," Wangwe alisema. "Desturi yetu inasema mgeni apewe kuku. Haisemi lazima awe amekufa. Mchukueni aende akaamshe watu wa Oyugis."

Mokua alisimama. Alimpokea jogoo kwa mikono miwili, akamweka kifuani. Kisha akasema, "Watu wengi wamenipa kuku, na wote waliudhika nilipokataa. Wewe umenipa kuku ambaye naweza kumkubali."

Wazee hao wawili walishikana mikono, na jogoo akabanwa katikati. Harusi ilipangiwa Desemba.

Siku hizi, kando ya nyanya zake, Helen anauza soya na njugu zilizochaguliwa. Mteja akisema ana mgeni asiyekula nyama, Helen humuuliza kwanza, "Umempigia simu?" Nyumbani kwake wanakula soya, ndengu au mushenye mara nyingi, hata bila mgeni.

Lakini asubuhi ya Jumatatu ile, siku ya kwanza baada ya ugeni, Wangwe aliamka mapema kama kawaida. Alitoka na mahindi mkononi. Akakumbuka. Akasimama uani bila kujua la kufanya.

Simu yake ikalia. Ilikuwa namba ya Mokua. Wangwe alipokea, lakini Mokua hakusema kitu. Simu ilikuwa imeinuliwa juu mahali fulani Oyugis, na ndani yake Bwana Mkubwa alikuwa akiwika.

Wangwe alisikiliza mpaka mwisho.

"Habari ya asubuhi," alisema.

Kisha akaingia ndani na kumsalimia mke wake.