Pumzi Kumi na Sita

Zilikuwa zimebaki siku tisa binti afanye mtihani wa leseni ya uuguzi. Mwaka uliopita alifeli sehemu ya vitendo, na bado ilimuuma. Safari hii alijiapiza kutofanya mchezo. Kila asubuhi, kabla ya kufungua vitabu, alimpima baba yake.

Baba huyo, fundi mwashi mstaafu, alikubali kuwa mgonjwa wa mazoezi. Siku nne hizi aliumwa kweli. Alikuwa na homa na kikohozi, lakini hospitali hakutaka hata kuisikia.

"Baba, tulia. Sasa nahesabu pumzi zako."

Mzee alinyoosha mgongo, akapumua taratibu.

"Kumi na sita," binti alisema, akaandika daftarini. "Kitabu kinasema mtu mzima aliyetulia avute pumzi kumi na mbili mpaka ishirini kwa dakika. Uko sawa."

"Si nilikwambia? Mimi bado ngangari."

Jirani yao akabisha hodi. Alikuwa muuguzi mstaafu, na mtaa mzima ulimwita Sista.

"Umeamkaje, fundi?"

"Salama tu..." Mzee alikatiza, akatafuta pumzi. "Salama tu, Sista."

Sista alimtazama, kisha akalichukua daftari. "Juzi kumi na sita. Jana kumi na sita. Leo kumi na sita. Mwanangu, huyu ni mgonjwa au saa ya ukutani?"

Binti alicheka, halafu kicheko kikamkauka. Sista akamvuta jikoni.

"Ukimwambia mtu unahesabu pumzi zake, anazibadilisha, hata bila kukusudia. Shika mkono wake uhesabu mapigo ya moyo. Ukimaliza, usiuachie. Nyamaza, utazame kifua. Kikipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Hesabu dakika nzima."

Binti alirudi, akashika mkono wa baba yake. Mzee alidhani bado yanahesabiwa mapigo, akajiachia. Kifua kikaanza kwenda mbio.

Pumzi thelathini na nne. Binti aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa mtihani wowote.

"Zikizidi thelathini, hakuna kusubiri," Sista alisema. "Hospitali, sasa hivi."

"Lakini nilikuwa na kumi na sita," mzee alinung'unika.

"Baba, hiyo kumi na sita uliitoa wapi?"

Mzee aliinamisha kichwa. "Si unasoma kwa sauti? Namba zako zote nimezishika. Nilitaka upate jibu la kitabuni, usivunjike moyo tena."

Binti alihisi machozi yakimlenga. "Sasa ningefaulu halafu nikuzike?"

Mzee hakubisha tena. Aliomba koti lake.

Hospitali walikuta ana homa ya mapafu. Aliwekewa oksijeni, akaanzishiwa dawa siku hiyo hiyo. Daktari alisema wamewahi. Siku ya sita mzee alirudi nyumbani, akidai chakula na kugombana na redio.

Na mtihani? Binti alifaulu. Katika sehemu ya vitendo alimaliza kuhesabu mapigo, lakini mkono wa mgonjwa hakuuachia. Alikaa kimya dakika nzima, kisha akaandika.

"Mbona hukumwambia mgonjwa kwamba unahesabu pumzi zake?" msimamizi aliuliza.

"Angetaka kunifurahisha," binti alijibu.