Jaketi la Kukulia

Mtoto wa miaka saba hanenepi kwa usiku mmoja. Hilo halihitaji daktari kulithibitisha. Lakini asubuhi ile ya Alhamisi, binti alipotoka chumbani kwake amevaa lile jaketi la kujiokolea majini la rangi ya chungwa, lilikuwa limemkaa kifuani utadhani fundi alimpima. Na jana yake tu, dukani, lilimpwaya hadi masikio yakazama kwenye kola. Mama yake aliliona, akasimama na birika mkononi. Baba yake naye aliliona, akacheka.

"Si nilisema?" akasema. "Nilisema litamfaa, mkanibishia."

Huyo baba ndiye Kapteni. Jina alijipa mwenyewe siku aliponunua boti ya kwenda kuvua kwa starehe, na kwa kuwa ana duka kubwa la vigae na marafiki wengi wa kunywa naye, hakuna aliyemkatalia. Kuogelea hajui. Samaki alikuwa akiwajua wakishakaangwa. Lakini kofia nyeupe yenye nanga ya dhahabu alikuwa nayo, na aliivaa mpaka dukani kwake, akawauzia watu vigae vya chooni akiwa nayo kichwani.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekwenda kuchagua vifaa vya usalama vya boti. Aliviacha viwe vya mwisho, baada ya spika mbili, taa za buluu za kuwaka chini ya maji, viti vya ngozi na kasha la barafu ambalo mbuzi mzima angelala humo kwa raha zake. Hata hivyo asingevinunua, ila mkaguzi wa gatini alimnyima kibali. Mtungi wa kuzimia moto alichagua ule mdogo kuliko yote, kwa kuwa ndio ulioenea pembeni ya spika. Fataki za kuombea msaada, aliuliza kama zipo za rangi ya waridi. Boya la kumtupia mtu aliyeanguka majini alilichagulia kwenye kamera ya simu, apate linalotoka vizuri pichani.

Ikafika zamu ya jaketi la mtoto. Muuzaji, mwanamke aliyekuwa akitafuna kucha na kuitazama saa ya ukutani, alileta dogo lenye mkanda wa kupita katikati ya mapaja. Kapteni akaligeuza huku na huku.

"Hili mwakani si halimwingii tena? Lete la mtu mzima. Atakua nalo."

Ndivyo watoto wanavyonunuliwa sweta za shule, na sweta haina neno, mikono utaikunja. Muuzaji alimvalisha binti jaketi la mtu mzima, akalishika mabegani, akalivuta juu. Jaketi likapanda, mtoto akabaki chini, macho tu yakichungulia.

"Likipanda hivi ndani ya maji, jaketi litaelea na mtoto atakwenda zake," alisema. Alisema mara moja tu, kama mtu ambaye mshahara wake ni ule ule akisema asiseme, kisha akaanza kufunga mzigo.

"Mnunulie dogo, baba," mkewe alinong'ona. "Nafasi yote hiyo ndani ni ya nini?"

"Ya kukulia," akajibu Kapteni, akageukia kioo kuitengeneza kofia. Jaketi lake mwenyewe hakununua kabisa. Kapteni havai jaketi, alisema.

Basi ndiyo hiyo nafasi, asubuhi ya Alhamisi haikuwepo tena.

Siku hiyo binti hakukubali kulivua. Alikula akiwa amelivaa, akamaliza sahani yake, akavuta na ya mama yake. Mama alipomuuliza mbona anakula hivyo, alijibu kwa adabu kabisa, "Tuna njaa." Mama alidhani amesikia vibaya. Nani asingependa kudhani hivyo?

Jua lilipofika utosini na mtaa mzima ukanyamaza, mama alimkuta binti amelala sakafuni, kwenye vigae vya baridi. Akapiga magoti amvue. Pale karibu palinuka tope la ziwani, lile tope jeusi la chini kabisa, na jaketi lenyewe lilikuwa halijawahi kuguswa na maji. Akaweka kiganja juu yake. Kifua cha mtoto kilipanda, kikashuka, na kiliposhuka jaketi likapanda lenyewe, taratibu, likijaa pumzi isiyokuwa ya mtoto, likashuka, likamwachia mtoto zamu yake, likapanda tena, na mama akabaki pale magotini akizisikiliza pumzi mbili ndani ya vazi moja, hawezi kupiga kelele kwa kuogopa kumwamsha aliyelala, wala hajui kama anayeogopa kumwamsha ni mwanawe au ni huyo mwingine.

Alijaribu vibanio, vikakataa kufunguka. Akafuata mkasi jikoni. Ncha iliingia kwenye kitambaa, na palipotakiwa kutoka sponji yakatoka maji, ya vuguvugu, yakatiririka sakafuni. Mtoto akafungua macho.

"Mama," akasema kwa upole, "usitukate."

Mkasi ulimponyoka. Alilia siku hiyo, amejifungia stoo, ameuma kanga yake ili asisikike.

Jioni alimsogelea mumewe sebuleni, sauti chini. "Baba, kuna kitu ndani ya lile jaketi."

"Kuna sponji."

"Kinapumua. Nimekishika kwa mkono wangu huu."

Kapteni hakuinua macho kwenye simu. "Jaketi la kisasa hilo. Linapitisha hewa."

"Nakuomba, Jumapili mtoto asiende. Nakuomba sana."

"Nimeshawaambia watu nitakuja na binti yangu. Nimempangia na picha, amekaa mbele, na jaketi lake. Unataka wanione mimi nani?"

Mtu aliyeolewa kwa bahati mbaya hufika mahali akajua kwamba ukuta ungemsikiliza zaidi. Mama alifika hapo usiku ule, akaacha kuomba.

Jumamosi alileta mganga, akampitisha mlango wa jikoni. Msidhani ni mzee wa macho makali na ndevu za heshima. Alikuwa bwana mnene aliyeomba mto wa kukalia, akaomba soda, akaomba na ya pili, na mkobani mwake chaja za simu zilikuwa nyingi kuliko dawa. Binti aliingia, akasimama mbele yake.

"Shikamoo," akamwamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Shikamoo," ikasema tena, chini zaidi, na midomo ya mtoto ilikuwa imefungwa.

Mganga aliiweka chupa sakafuni. Akamtazama mama, akalitazama lile jaketi. "Marahaba na wewe," akaitikia, maana salamu hainyimwi mtu, hata huyo. Akasubiri binti atoke, ndipo akasogeza mto wake karibu.

"Mwanangu, huyu ni wa majini," alinong'ona. "Na hakuvunja mlango. Nyumba isiyokaliwa na mtu inakuwaje?"

"Inahamiwa."

"Haya. Amekuta nafasi, amekaa. Mimi simfukuzi, maana hajaiba. Wa kumfukuza ni nafasi yenyewe kwisha. Mtafutie mtoto vazi la kumbana, kusibaki hata upenyo wa kidole. Mpeleke ukingoni mwa maji. Akiona kwao atalegea, na vibanio vitafunguka. Hapo hapo uvue hili, uvalishe lile."

"Atakwenda zake?"

"Atatoka kwenye jaketi. Kwenda zake ni jambo jingine." Mganga alijifuta jasho. "Akikosa pa kuhamia atarudi kwa mtoto, na safari hiyo hatakaa nje ya ngozi."

"Sasa ahamie wapi, babu?"

Sebuleni Kapteni alikuwa akizungumza na simu, akimweleza mtu jinsi boti yake inavyokata mawimbi, ilhali boti yenyewe bado ilikuwa juu ya matairi yake uani. Mganga alisikiliza kidogo, akatazama kule sauti ilikotoka, akaokota chupa yake, akamalizia soda.

"Mwenye nyumba ni wewe," akasema, akaaga.

Alasiri ile ile mama alirudi dukani, akanunua jaketi dogo la mkanda wa mapajani.

Jumapili gati lilijaa marafiki wa Kapteni, kila mmoja na miwani yake ya jua na kitambi chake. Spika zilikuwa zinaunguruma kabla nanga haijaingia botini. Mmoja alikuwa ameshika fimbo ya kuvulia juu chini, na wenzake walikuwa wakimsifu. Hawa ndio waliokuwa wakienda kumlinda mtoto wa mtu katikati ya ziwa.

Mama alimpeleka binti mpaka ubao wa mwisho wa gati, mahali maji yanapogonga nguzo. Kwa muda hakuna kilichotokea. Kisha harufu ya tope ikapanda, nzito, na mtoto akaanza kutetemeka, na kibanio cha juu kikafunguka chenyewe, ta, kikafuata cha katikati, na cha chini, na mama akalivua jaketi kwa nguvu zote za mikono yake likiwa zito kama gunia lililolowa, akalitupa ubaoni, akamvalisha binti lile dogo, akapitisha mkanda mapajani, akakaza, akakaza tena mpaka mtoto akalia kwamba anaumia, na kilio kile kilikuwa cha sauti moja tu, cha mwanawe, peke yake, na mama akamkumbatia na kumbusu kichwani huku machozi yanamtoka.

Lakini pale ubaoni jaketi kubwa lilikuwa halijalala. Lilikuwa limeketi, limejaa kifua na mabega. Upepo ulikuwa unatoka ziwani, nalo likaelemea upande wa mtoto, likasogea, likasimama, likasogea tena.

"Kapteni!" Mkaguzi aliita kutoka kwenye kibanda chake. "Wote naona wamevaa. Jaketi lako wewe liko wapi? Bila jaketi hutoki hapa."

Marafiki wakacheka. Kapteni uso ukamwiva. Alitazama kushoto na kulia, akaona kitu cha rangi ya chungwa kimekaa bure miguuni mwa mkewe.

"Si hili hapa?" akasema, akaliinua. "Mmemvua? Vizuri. Nilijua tangu mwanzo nimenunua la mtu mzima, mkanicheka."

Neno "ngoja" lilimfika mama kooni. Mtu mwenye roho nzuri angelisema. Yeye naye alikuwa na roho nzuri, ila alikuwa na mtoto mmoja, na aliliona lile jaketi, hata likiwa mikononi mwa mumewe, bado limegeuka upande wa binti. Akalimeza neno. Akamsogelea Kapteni, akamnyooshea mabega, akavuta pande mbili ambazo kwa tumbo lile zisingekutana hata kwa winchi, na zikakutana. Akafunga kibanio cha juu, akafunga cha katikati, akafunga cha chini. Watu waliokuwepo walisema ni mke anayempenda mumewe.

"Mtoto tumbo linamuuma," alimwambia. "Tunarudi nyumbani."

Kapteni hakubisha. Alikuwa amekodoa macho kwenye maji, kinywa wazi kidogo.

Marafiki walimrudisha jua likizama. Walisema ilikuwa siku njema, wamepata samaki, na Kapteni alikuwa mtu wa maana sana leo, amesikiliza watu wanapozungumza. "Shemeji, umemfanyaje?" mmoja alitania. Walimwacha mlangoni wakaondoka, na hakuna aliyegundua kitu, maana kwa rafiki yao hawakuwa wamezoea kutafuta kitu ndani.

Alikuwa ameshalivua jaketi. Alilikabidhi kwa mikono miwili, kavu, jepesi, sponji tupu. Akaketi mezani, mgongo wima. Kofia hakuwa nayo. Mama alimpakulia, binti amejificha nyuma ya gauni lake, na chumba kizima kilinuka tope.

Kwa miaka yote ya ndoa yao Kapteni alikuwa akimwita mkewe "wewe". Sasa alimwinamishia kichwa.

"Asante, mama," akasema, kwa ile sauti ya chini. "Umenipa mahali pema. Kule kwa mtoto nilikuwa nimejikunja. Humu mna nafasi, mama. Nimetembea siku nzima sijamkuta mwenyeji."

Mkono wa mama ulikuwa unatafuta kitasa cha mlango wa jikoni nyuma yake.

"Nimeona ni choyo kukaa peke yangu," akaendelea yule, akisogeza sahani pembeni kwa adabu. "Nimewaita ndugu zangu."

Nje, kwenye kibaraza, miguu iliyolowa ilikuwa inapanda ngazi, mingi, bila haraka. Ikasimama mlangoni.

"Hodi," zikasema sauti, nyingi, za wakubwa na za watoto.

Mama alimnyanyua binti, akatoka naye mbio kwa mlango wa jikoni, na alichokiona mara ya mwisho alipogeuza kichwa ni mumewe ameketi pale pale mezani, hana haja ya kwenda kuwafungulia.

"Karibuni," akasema, "karibuni ndani," akapanua kinywa.