Damu Iliyopimwa Haikuwa ya Yusra

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Shamimu alimkanda mdogo wake Yusra miguu kwa maji ya moto. Wasichana hao waliishi Chang'ombe, mjini Dodoma, kwa bibi yao Bi Batuli, aliyeuza mitumba sokoni. Walipishana mwaka mmoja tu na walifanana sana. Lakini Yusra, masikini, alikuwa mtoto wa maumivu. Baridi ya Juni ikianza, vidole vilimvimba, macho yakawa ya manjano, akalia mpaka sauti ikamkauka.

Mwaka 1995 alihamia katika hospitali ya mji huo daktari mtafiti, Dorkasi, mzaliwa wa Mpwapwa. Tangu amalize chuo, kazi yake ilikuwa kuchunguza magonjwa ya damu ya watoto. Bi Batuli alipowapeleka wajukuu wake kwake, alimtazama Yusra macho na vidole, akaagiza apimwe damu chumba cha pili. Akiwa na ugonjwa, angepewa dawa na kuangaliwa kila mwezi.

Walipokuwa kwenye benchi wakisubiri kuitwa, Bi Batuli alinung'unika. Mtoto mwenyewe hana damu, bado wanataka kumpunguzia! Maneno hayo yalimwingia Shamimu, maana alimpenda mdogo wake kuliko kitu chochote. Bibi alipokwenda bombani kunywa maji, muuguzi aliita jina la Yusra. Aliyeinuka alikuwa Shamimu. Muuguzi hakuwajua, akachoma sindano, kazi ikaisha.

Majibu yalipotoka, damu haikuwa na ugonjwa wowote. Daktari Dorkasi aliyasoma mara mbili, akakunja uso, akasema angependa kupima tena. Bi Batuli akakataa katakata. Kama hospitali haioni kitu, basi hilo ni jini, na jini halitoki kwa sindano. Alimjua mganga wa Gulwe ambaye humchanja mgonjwa chale kwenye kila kiungo ili damu mbaya itoke. Wangeondoka na treni kesho yake.

Makubwa hayo! Shamimu aliyetaka kuilinda damu ya mdogo wake, sasa aliisikia ikipangiwa wembe. Akisema atachapwa, asiposema Yusra atakatwakatwa. Akasogea mbele ya meza ya daktari huku machozi yanamtoka.

"Damu ile ni yangu," alisema. "Yusra hajapimwa."

Bi Batuli alishika kichwa. Daktari hakugomba. Alichukua kijiko cha chai, akamwonyesha bibi kwamba damu inayotolewa haikijazi kijiko kile, na mwili huirudisha upesi. Bibi akalainika, Yusra akapimwa mwenyewe. Safari hii darubini ilionyesha chembe za damu zilizopinda kama mundu. Ugonjwa huo huitwa selimundu. Si jini wala uchawi, mtoto huurithi kwa baba na mama, ingawa wazazi wenyewe huenda hawaumwi. Yusra alipewa vidonge, akaambiwa anywe maji mengi, avae nguo za joto na alale ndani ya chandarua. Safari ya Gulwe ikafa.

Walipokuwa wanaaga, Bi Batuli aliapa kwamba Shamimu atakiona cha moto nyumbani.

"Bibi, nakuomba usimchape," daktari alisema. Kisha akamgeukia Shamimu. "Mdogo wangu mimi alikufa kwa ugonjwa huu, na pale kwetu hakuna aliyejua hata jina la ugonjwa wenyewe. Ndiyo maana nikaishika kazi hii. Lakini siwezi kuona ndani ya mwili wa mtoto, mwanangu, naona kwa damu tu. Ukinidanganya, hata kwa mapenzi, namwacha mgonjwa aende zake akafie nyumbani."

Shamimu alimtazama Yusra, akauliza kwa sauti ndogo, "Ningekuwa nimemuua?"

"Ungeweza," daktari alijibu. "Leo umemwokoa kwa kusema. Basi kuanzia sasa, ukimpenda mtu, sema kweli juu yake."