Chupa ya Marashi Niliyoitupa Chooni

Nina miaka hamsini na sita, ni fundi cherehani hapa Gitega, na ninaishi peke yangu. Mtaani kwetu watu wanajua nusu tu ya mkasa wangu, na hiyo nusu wanaisimulia wanavyotaka. Nusu nyingine ndiyo hii, wasomaji wenzangu. Mwenye kosa ni mimi.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na saba. Ilikuwa miaka ya vita. Magari yalisafiri kwa msafara, askari mbele na nyuma, na vitenge vya kushona vilikuwa havipatikani tena Gitega. Vilipatikana Muyinga, vikitokea Tanzania. Mke wangu Mwajuma alikulia Kigoma, lakini mama yake alikuwa amerudi kuishi Muyinga, na huko ndiko nilikomwoa. Tulikuwa na mtoto mmoja, Saidi, wa miaka mitatu.

Nilimpenda Mwajuma... lakini nilimpenda kwa kumchunga. Akichelewa kisimani nilihesabu dakika. Akicheka na muuza sabuni, chakula kilinishinda. Nilidhani hayo ndiyo mapenzi.

Nikanunua pikipiki kuukuu kwa mwalimu mmoja aliyekuwa anahama, ili niwe nafuata vitenge mwenyewe. Tangi lilipakwa rangi nyekundu kwa brashi, kiti kilishonwa kwa uzi wa viatu, na breki ya mbele haikuwapo kabisa. Mimi hata baiskeli nilikuwa naendesha kwa dua.

Aliyenifundisha ni Bahati, fundi wa pikipiki, Mkongomani wa Uvira. Alikimbia vita vya kwao akaangukia katika vita vyetu. Alikuwa mtu wa kwaya, mpole, na kicheko chake kilisikika mpaka mtaa wa pili. Garaji yake ilikuwa kibanda cha mabati, hatua chache kutoka kwangu. Hata petroli yangu, esansi kama tunavyoiita huku, nilimwomba anitunzie yeye, kwa sababu sisi tuliishi chumba kimoja, na mtoto, na kibatari. Alikubali bila neno. Naomba mlikumbuke hilo.

Siku ya kwanza uwanjani niliachia klachi kwa pupa, pikipiki ikaruka, nikaingia nayo kwenye shamba la maharage la watu. Mara ya pili, maharage yale yale. Mara ya tatu mwenye shamba alikuwa ananisubiri.

"Baba Saidi, we unakaza mukono sana," Bahati akaniambia akinipangusa udongo. "Achilia polepole, kama unalalisha mutoto."

Mwajuma alikuwa ametuletea chai. Baba yake alikuwa fundi wa baiskeli Kigoma, kwa hiyo spana hazikumtisha. Bahati akamwambia kwa utani ajaribu kuiwasha. Akapandisha kanga kidogo, akapiga kiki moja tu... ikawaka. Mimi ile kiki ilikuwa inanitoa jasho asubuhi nzima!

"Eh, Mama Saidi iko na sikio ya moteri," Bahati akasema. "Baba Saidi, utashindwa na bibi yako."

Wanaume waliokuwa wanatazama wakapiga makofi. Nami nilicheka. Lakini kuanzia siku ile sikulala vizuri.

Kuendesha nilijifunza, taratibu. Kazi ya kuitunza ndiyo iliyonishinda, maana nilikuwa na nguo za watu na uvumilivu sina. Mwajuma ndiye aliyejifunza. Alisafisha buji, ile plagi ya kuwashia moto, kwa kipande cha msasa, akakaza mnyororo, akaosha chujio la hewa. Pikipiki ikawa inalia vizuri, na kila ilipolia vizuri mimi nilizidi kununa. Mke wangu ananuka petroli badala ya udi... kwa nini? Kwa nani?

Siku moja niliwakuta garajini wameinama wote wawili juu ya bidoni, dumu letu la petroli, vichwa vyao karibu kugusana. Bahati akainua uso, akaniita.

"Baba Saidi, njoo uangalie na we. Hii ndiyo ya muhimu kupita yote."

Nikamjibu nina suruali ya mtu kwenye cherehani. Nikaondoka bila kuangalia. Jamani, ningesimama hapo kwa dakika mbili tu!

Wiki haikupita, nikamwona Bahati anampa Mwajuma kitu kilichofungwa kwenye karatasi. Jioni nikapekua. Nyuma ya mtungi wa maji nikakuta chupa ndogo ya marashi. Sikuifungua wala kuinusa. Mwanamume mwingine anampa mke wangu marashi, naye anayaficha... mngefanya nini ninyi? Mimi niliitupa chooni, na nilipoisikia inatua nikafurahi.

Nilimwendea Mwajuma nikamwambia asikanyage tena garajini na asiiguse tena pikipiki yangu. Habari ya chupa sikuitaja. Nilitaka ateseke kuitafuta.

"Sawa, Baba Saidi," akasema. Alikuwa ametulia, na utulivu ule ulinikera zaidi. "Lakini kabla hujasafiri, nikuelekeze kuhusu mafuta. Bidoni niliyoitengeneza juzi ni ya kwendea tu..."

Nikamkatiza. Nikamwambia pikipiki ni ya mwanamume, na mwanamume anajua kununua petroli.

Kesho yake asubuhi nikaondoka kwenda Muyinga, nikifuata nyuma ya msafara. Kwenye bariyeri, kizuizi cha barabarani cha kutokea mjini, alikuwapo askari mmoja ambaye nilikuwa namshonea. Alikagua karatasi zangu, akaniuliza habari za mtaani. Sentensi moja tu ilinitoka.

"Afande, yule Mukongomani wa garaji anaficha esansi. Hatujui anapelekea nani."

Alinitazama, akaandika kitu kwenye kijikaratasi. Nikapiga kiki nikaenda zangu. Miaka ile neno kama hilo liliweza kumpoteza mtu, na mimi nilijua. Nitasema kweli: nilijua. Nilichotaka ni atishwe, ahame, aniachie mke wangu.

Nilifika Muyinga salama, kifua mbele. Mama mkwe alinipikia, nikajisifu kwake jinsi ninavyoimudu pikipiki. Siku ya pili nikafunga vitenge, nikanunua petroli ya chupa kando ya barabara, nikajaza tangi, nikageuza.

Nilipopita Karuzi injini ikaanza kulia vingine. Ikakohoa. Halafu ikakwama ghafla, gurudumu la nyuma likagoma kuzunguka, nikatupwa mtaroni na vitenge vyangu. Nilipiga kiki, kiki ikakataa hata kushuka. Msafara ulikuwa umeshanipita. Niliifunga klachi kwa kamba ili gurudumu lizunguke, nikaisukuma nikisikia milio ya bunduki mbali huko milimani, mpaka familia moja ya wakulima ikanificha uani kwao. Kesho yake lori la msafara likanibeba mimi na chuma changu.

Kitu cha kwanza kilichonijia nilipoteremshwa Gitega kilikuwa... Bahati ataitengeneza. Hebu fikirini moyo wa binadamu ulivyo!

Mwajuma alikuwa amesimama mlangoni na macho mekundu.

"Bahati wamemchukua tangu juzi," akasema. "Wamekuta petroli. Ni petroli yetu, Baba Saidi. Ni ile uliyomwomba akutunzie."

Wallahi, wakati nasema maneno yale kwenye bariyeri, sikuwa nimekumbuka kwamba petroli ile ni yangu mwenyewe. Wivu ulikuwa umenila mpaka kumbukumbu.

Akaitazama pikipiki, akaigusa injini. "Muyinga uliweka nini?"

"Petroli."

"Na oili?"

"Oili gani?"

Akafumba macho. Ndipo akanieleza, polepole kama anamweleza Saidi, kwamba pikipiki ya aina ile haina mahali pake pa oili. Unaichanganya na petroli kwa kipimo. Bila hiyo pisto, ile pistoni ndani ya injini, inaungua. Oili ilikuwa haba sana wakati ule, ndiyo maana Bahati alimgawia kidogo kwenye chupa tupu ya marashi, anipe niende nayo safari.

"Niliiweka nyuma ya mtungi Saidi asiimwage, na nimeitafuta nyumba nzima," akasema. "Umeiona?"

"Niliitupa chooni."

Nilimwona anaunganisha jambo na jambo. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na Bahati... ni wewe?"

Ningeweza kukana. Nikaangalia cherehani yangu. Hilo lilikuwa jibu.

Mwajuma alimfunga Saidi mgongoni, akatoka. Mwanamke, peke yake, akaenda kwa askari kusema petroli ile ni ya mume wake. Mimi nilibaki ndani. Kesho yake wakamwachia Bahati. Mkono wake wa kulia ulikuwa umevimba, vidole haviwezi kushika spana.

Nilidhani hatakanyaga kwangu. Alikuja. Akaketi kwenye ndoo, akawa anamwelekeza Mwajuma kwa mdomo, naye akaifungua injini mwenyewe. Siku nne. Bahati akampa pisto kuukuu aliyokuwa ameitunza kwa ajili ya pikipiki yake. Mimi nilisimama mlangoni na hakuna aliyeniomba hata kitambaa.

Siku ya kuondoka kurudi Uvira alinipa mkono wa kushoto. "Baba Saidi, mi nilikuwa nafundisha bibi yako juu we ulikataa kujifunza," akasema. "Hakukuwa kingine." Natamani angenitukana.

Na Mwajuma? Alisubiri msafara. Akachanganya mafuta mbele yangu, akapima, akatikisa bidoni. Akamfunga Saidi mgongoni kwa vitenge viwili, akapiga kiki moja.

"Nakwenda kwa mama," akasema. "Talaka yangu nitumie Muyinga."

Niliisikiliza pikipiki ile mpaka mlio ukaisha. Ilikuwa inalia vizuri sana.

Sijaoa tena. Saidi ni mtu mzima, ni fundi wa pikipiki Muyinga, na hunisalimia siku za Idi. Mara moja nilimtuma amwambie mama yake naomba radhi. Alirudi na jibu kwamba radhi nimwombe Bahati. Nilikwenda Uvira. Nilikuta alishafariki, na mjane wake aliniambia kwamba vidole vile havikupona mpaka mwisho.

Wasomaji wenzangu, majuto ni mjukuu, na wangu amekua hadi ameota mvi. Wewe unayemchunga mkeo kama mimi nilivyomchunga wangu, nakuomba jambo moja dogo. Ukiikuta chupa nyuma ya mtungi, ifungue kwanza uinuse. Na ukiitwa uje uangalie, nenda ukaangalie.