Mvua Iliyochotwa Ziwani

Jumamosi, tarehe 14 Agosti 1954, Athanasie Mukakalisa, mke wa Viateur Nsanzimana, aliona katika ua wa nyumba yake ya Kyeshero, kando ya ziwa, mtoto mmoja asiyekauka.

Ilikuwa siku ya nane tangu ajifungue mtoto wa kiume, na kwa desturi ya Wanyarwanda watoto wa majirani walikuwa wamealikwa kumpa jina. Walilima kidogo kwa vijembe mbele ya nyumba, wakanyunyiziwa maji yaliyo badala ya mvua, wakakimbilia uani kula maharage katika ungo mmoja. Maji hayo hayana budi kuwa yametoka mbinguni. Lakini kiangazi kilikuwa kimelikausha pipa la chini ya paa, na jirani yao Béata, aliyetumwa kuyaleta, aliteremka ziwani akajaza mtungi pasipo kumwambia mtu.

Jua liliwakausha watoto wote upesi, isipokuwa msichana aliyeketi mwisho wa mkeka. Maji yalimchuruzika nywelani, yakatiririka juu ya mawe meusi, na harufu ya matope ya kilindini ikazima harufu ya chakula.

"Ule mutoto ni wa nani?" Athanasie alinong'ona.

"Sijui," Béata akacheka. "Hakauke. Pengine mama yake ni samaki."

Kila mtoto alitaja jina. Msichana yule alitaja la mwisho, kwa sauti nzito kama jiwe linaloviringishwa chini ya maji. Walipogeuka kumtazama, palikuwa na mkeka uliolowa tu. Sasa ilimpasa baba atangaze jina analompa mtoto, nalo lingeyafuta yote yaliyotangulia. Viateur, aliyejivunia ustaarabu wake, akasema kazi hiyo anamwachia padri, kesho yake; hivyo siku ya nane ikapita, na jina la msichana likabaki la mwisho.

Mama mkwe, Nyirakamana, alimvuta Athanasie chumbani. Alimwambia kwamba wazee wake walimjua mnyama wa ziwa hili, aliyekuwapo kabla volkano ya Nyiragongo haijatapika moto wake wa kwanza: mgongo wake hudhaniwa mwamba, macho hana, na huja pale tu anapoitwa.

"Ile jina ya mwisho ni yake mwenyewe," bibi alisema polepole. "Ukiita mutoto nayo, na yeye atasikia. Usiitamke, mutoto wangu. Hata siku moja."

Jumapili mtoto alibatizwa Édouard, wala hakugeuza shingo. Tangu jana yake alikuwa amekataa titi. Viateur naye akamwita Habarurema, jina alilokuwa amelichagua zamani moyoni, akaliita mpaka sauti ikamkatika. Ilikuwa kama kuita ukuta. Muuguzi hakuona ugonjwa. Mganga aliyeletwa kutoka Masisi alifukiza majani yake, akagusa ukuta uliokuwa ukitoka jasho la matope, akafunga mzigo wake akaondoka bila kuonja chakula.

Jumanne, tarehe 17, adhuhuri, midomo ya mtoto ikiwa imepasuka kwa ukavu na kilio chake kimepungua hata kikawa pumzi tu, Athanasie aliketi peke yake kitandani, akimwita kwa majina yote aliyoyajua, ya watakatifu, ya mababu, ya kubembeleza, na kila jina likianguka bure, huku jina lile jingine, ambalo hakuwa amelitamka, likimjaa kinywani kama maji na kumsukuma meno kutoka ndani.

Béata hadi leo husimulia kwamba mnyama alivunja mlango akaingia. Si kweli, na ni haki asahihishwe. Mlango haukuvunjwa, ulikuwa wazi, ili mtoto apate hewa. Athanasie alimwinamia mwanawe, akalitamka jina lile kwa sauti yake mwenyewe. Mtoto akafumbua macho, akashika titi, akanyonya. Na mama yake, aliposikia maji yakianza kupanda mawe ya uani, hakuthubutu kumwachisha.