Mama wa Katikati ya Blanketi

Picha moja ilizidi.

Dorcus alikuwa amepanga vipande vya pamba juu ya kitanda, katika nyumba yao ya laini, zile za wafanyakazi, kwenye shamba la chai karibu na Kiptere, akitafuta namna ya kuvishona viwe blanketi la mtoto wake Dorine. Kila kipande kilikuwa kimechapishwa uso wa mtu wa familia aliyekwisha kufa. Babu wa mumewe alikuwapo, shangazi, na Adongo, dada yake Dorcus, aliyefariki akiwa shuleni. Na kati yao mama mmoja wasiyemjua, amefunga leso kichwani, shingo imegeuka kidogo kama mtu aliyesikia akiitwa.

Alimpigia Duke wa duka la picha mjini. Duke akasema alichapisha tu zile alizotumiwa. Kwenye simu ya Dorcus picha hiyo haikuwemo. Mumewe, Omollo, hakumjua yule mama. Phelis, mama mkwe aliyekuja kumwona mjukuu, alidhani ni mtu wa kina Dorcus. Jirani yao Nyamoita alicheka, akasema wamshone tu, mgeni aliyekuja na pamba yake mwenyewe hana hasara. Dorcus akamweka katikati, maana bila yeye palibaki shimo.

Blanketi lilipokwisha, Dorine akaanza kulia. Alilia mchana kutwa, na kliniki hawakuona ugonjwa. Phelis hakushangaa. Kwao, mtoto anayelia hivyo anaombwa na marehemu atwae jina lake. Mzee wa nyumba huyataja majina ya wafu moja moja, na lile mtoto analonyamazia, hilo ndilo jina lake. Aliahidi kuyataja akitoka maombini.

Lakini mvua ya alasiri ilikuwa inapiga mabati, mtoto amelia mpaka sauti imekauka, na Dorcus alikuwa peke yake. Akamlaza juu ya blanketi, akagusa uso baada ya uso akitaja majina. Dorine akalia. Kidole kikafika katikati. Aliona haya kumruka mtu.

"Na wewe, mama," akasema polepole. "Kama ni wewe, haya."

Mtoto akanyamaza.

Chumba kikajaa harufu ya majani ya chai yaliyopata moto ndani ya gunia, na chini ya kelele za mvua Dorcus akasikia sauti ndogo ya kunyonya, ingawa midomo ya Dorine ilikuwa imefungwa.

Phelis aliporudi alimkuta amesimama mlangoni, nje ya nyumba, mtoto ndani.

"Ulimwita nani, nyar Alego?" aliuliza kwa kunong'ona, akimwita kwa jina la kwao alikozaliwa.

"Sikumwita jina, Mama. Nilisema wewe."

Phelis akakaa chini kwenye sakafu. "Sasa tutamfukuza tukimwita nani?"

Hata hivyo walijaribu. Akina mama wa kanisa walikuja mchana, wakafunga madirisha, wakaimba, wakamwamuru jini aseme jina lake, na kila walipouliza Dorine alitabasamu. Basi Nyamoita akachukua makasi, akakata kile kipande cha katikati, akakitia kwenye jiko, na moshi wake ulipopanda ile harufu ya majani ikawabana koo mpaka mmoja akatoka nje kutapika, na walipogeuka kuliangalia blanketi wakaona kwamba pembeni, pale alipokuwa Adongo na sare yake ya shule, sasa alikuwa mama wa leso, na safari hii alikuwa amegeuka akiwatazama moja kwa moja.

Wakaondoka bila kuagana. Omollo alisema wahame, lakini alipoulizwa waende wapi, akavaa buti akaenda kuchuma chai.

Tangu siku ile ya mvua Dorine alikuwa amekataa titi. Alimsukuma Dorcus kwa viganja vyote viwili, bila hasira, kama mtu aliyeshiba. Kikombe alikataa, uji alitema. Maziwa ya Dorcus yakapungua, kisha yakakauka kabisa, na alilia kila alipofunga vifungo vya blauzi.

Siku ya kliniki alimbeba akiwa amejiandaa kugombezwa. Muuguzi akamweka mtoto kwenye mizani, akaiangalia, akambonyeza mashavu, akacheka.

"Huyu amenona. Unamnyonyesha vizuri, mama. Endelea hivyo hivyo."

Dorcus akasema asante.