Masomo Mabovu ya Soudi

—Kosa tena, kaka Soudi. Inasema amri haijulikane, na nimeandika sawa na mwalimu wa video.

Mwavita aliisukuma kompyuta pembeni.

—Andika tena, alisema Soudi, macho yake barabarani.

—Tangu asubuhi naandika. Pengine kichwa yangu ilibaki Bukavu. Tangu yale mabomu, kitu hakiingie tena.

Mwavita alikimbia vita na mama yake, wakafika Kindu na mabegi mawili. Soudi akampenda, akaanza kumfundisha PHP, lugha ya kutengenezea tovuti. Kisha Mwavita akaitwa kufanya, mjini hapa, mtihani wa kuingia chuo cha kompyuta cha Kisangani, na Soudi akaogopa kwamba akifaulu ataenda asirudi. Hapa Kindu intaneti husuasua, watu hupeana masomo kwa kadi ya kumbukumbu ya simu. Basi akamjazia kadi video za zamani, zenye amri zilizokwisha kufutwa. Kitabu rasmi kipya akakificha katika simu yake; Mwavita akilia, humwandikia mashairi.

Simu hiyo ikalia. Alikuwa mjomba wake Kasimu.

—Kesho tunakuja kukuposea Mwavita. Mwambie mama mukwe apike sombe nyingi. Miye siposi na njaa.

—Ngojeni kwanza, mjomba.

—Tungoje nini? Kanzu nimeshapiga pasi.

Soudi akakata simu.

—Mwavita, kichwa yako ni muzima. Masomo njo mabovu. PHP ya sasa ilishafuta zile amri.

—Umejua lini?

—Siku nilikupa.

Mwavita alimtazama kama mgeni.

—Nilikuwa nalia hapa, na weye ukaniandikia mashairi ya kunituliza?

—Niliogopa utaenda.

—Kumbe ulitaka kuoa mujinga.

Soudi akachukua simu yake. Akamtumia yote: kitabu rasmi, mazoezi, video mpya, na anwani ya jukwaa la mtandaoni ambako watu hujibu maswali ya wanaoanza. Mwavita akapokea, akaingia ndani. Ujumbe wake ukafuata: "Wajomba wasikuje."

Wiki mbili Mwavita hakumpigia. Soudi alipita mbele ya nyumba ile akiinamisha kichwa. Kisha ujumbe: "Nimepita mutihani. Naenda Jumanne."

Akajibu: "Ulistahili. Nisamehe."

Simu ikalia papo hapo.

—Nikienda, sijue kama nitarudi. Utangoja bila kujua?



—Nitangoja.

—Sijakusamehe.

—Najua.

—Basi kuja, kuna kazi.

Alimkuta ukumbini, sanduku limejaa. Mwavita akamrushia kamba.

—Kaza vizuri. Safari ni ndefu.

Soudi akapiga magoti, akavuta kwa mikono miwili mpaka vidole vikauma. Mwavita akachuchumaa mbele yake, akaweka kidole juu ya fundo ili lisilegee.